Mwenye muda bora amepitwa mwishoni

Dada yangu, pole. Unasema mwanao ndiye mwenye muda bora wa mita 1500, lakini fainali ilienda polepole, akabanwa ndani, kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia wenzake wakamzunguka akamaliza wa tano. Sasa unataka umbadilishie kocha. Usifanye hivyo bado.

Fainali haina mtu wa kuwavutia kasi, kila mmoja anamvizia mwenziwe. Olimpiki ya Rio 2016, Matthew Centrowitz wa Marekani alichukua dhahabu ya wanaume mita 1500 kwa dakika 3:50.00. Faith Kipyegon wetu, mwanamke, amekimbia umbali huo huo kwa 3:48.68! Mkenya Asbel Kiprop, aliyewahi kukimbia 3:26.69, siku hiyo alikuwa wa sita. Centrowitz alishika uongozi mapema upande wa ndani, na mzunguko wa mwisho akafyatuka, hakuna aliyempita.

Mwanao kwanza ajifunze mahali pa kukaa. Kabla ya kengele awe wa pili au wa tatu, begani mwa kiongozi upande wa nje, ili asifungiwe. Asitanue sana kwenye kona lakini, maana kukimbia mita moja zaidi nje mzunguko mzima kunamwongezea kama mita 6.

Kisha azoee kubadili gia. Alfajiri, jua la Mombasa halijachoma, akimbie mita 1000 za wastani na papo hapo amalizie 300 kwa nguvu zote, wenzake wakimbana kusudi. Uwanja ukikosekana, maji yakipwa mchanga mgumu wa Nyali unatosha.

Na kama ana kasi ya muda mrefu kuliko mbio za ghafla, aanze kuvuta mita 600 kabla ya mwisho.