Maswali ya Wasomaji: Kusomea Kazi ya Ambulensi

SWALI: Mimi ni kijana wa miaka 22, mwendesha bodaboda hapa Kilifi. Mwezi uliopita nilishuhudia ajali katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Watu wenye nia njema walimshika majeruhi mikono na miguu, wakampakia nyuma ya pikapu kama gunia. Tangu siku hiyo natamani kusomea kazi ya ambulensi. Je, EMT na paramediki ni kitu kimoja? Nianzie wapi, na hasa nitafundishwa nini zaidi ya kufunga bandeji?
Msomaji, Kilifi

JIBU: Si kitu kimoja, ijapokuwa wote wawili hupanda gari moja. EMT ni mhudumu wa tiba ya dharura wa ngazi ya msingi: huzuia damu, hufungua njia ya hewa, hutoa oksijeni, hufunga gango kwenye mfupa uliovunjika, hutumia mashine ya kushtua moyo, na mtoto asipotaka kusubiri hospitali humpokea humo humo garini. Paramediki amesoma kwa muda mrefu zaidi, naye huruhusiwa kuingiza mrija wa hewa kooni, kuweka dripu, kusoma mchoro wa umeme wa moyo na kutoa dawa nyingi ambazo EMT haruhusiwi kuzigusa. Nakushauri uanze na EMT, ufanye kazi kwa mwaka mmoja au miwili, kisha urudi darasani, kwa sababu aliyekwisha kuteremsha machela kwa ngazi kutoka ghorofa ya nne hujua kama kazi hii inamfaa kabla hajalipa karo kubwa.

Nchini Kenya mafunzo haya hutolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu, St John Ambulance, ambayo iko nchini tangu 1928, pamoja na vyuo kadhaa vya tiba. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza kama kozi hiyo inatambuliwa na KCEMT, ambalo ni baraza la wanataaluma wa fani hii, na uliza utapata saa ngapi za mazoezi wodini na ndani ya ambulensi. Chuo kinachokwepa swali hilo la pili kinakuuzia karatasi.

Ama kuhusu kinachofundishwa, jambo la kwanza, na kwa maoni yangu lililo gumu kuliko yote, ni kutokimbilia. Katika jaribio langu la kwanza niliwekewa sanamu ya mtu sakafuni, nikapiga magoti upesi na kuanza kukandamiza kifua, mkufunzi akapuliza filimbi, akaninyooshea waya uliokuwa umelala juu ya mguu wa sanamu ile, akasema, "Sasa tuna maiti wawili." Ndiyo maana mwanafunzi hurudia mpangilio uleule hadi auote usiku: usalama wa mahali, damu inayobubujika, njia ya hewa, pumzi, kisha mapigo na rangi ya ngozi. Mguu uliopinda vibaya huvuta macho ya kila mtu, lakini mara nyingi kinachoua ni ulimi ulioangukia nyuma ya koo la yule aliyelala kimya kando yake.

Majeruhi wako wa pikapu angehitaji kugeuzwa na watu wanne, mmoja akishika kichwa, wengine wakishika bega, nyonga na miguu, wote wakigeuza kwa pamoja ili uti wa mgongo usijipinde. Anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri, hata akiwa mdogo kuliko wote kwa umri na cheo, na hapo utaona watu wazima wakijifunza utiifu kwa shida. Moyo ukiwa umesimama, utakandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, ukikiacha kirudi juu kikamilifu, na kila baada ya dakika 2 utampisha mwenzako, kwa maana mikono huchoka kabla mwenyewe hujatambua. Ukifunga mkanda wa kuzuia damu mkononi au mguuni, utaufunga juu ya jeraha bila kuuweka kwenye kiungo, kisha utaandika saa uliyoufunga, kwa kuwa daktari wa upasuaji ataiuliza.

Kuna somo ambalo vitabu, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, havitakusaidia sana, nalo ni kumsikiliza mgonjwa. Bibi akikuambia, "Naumwa na chembe cha moyo," mwanafunzi mwenye haraka huandika kwamba moyo unauma, ilhali chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, penye tumbo la juu. Hata hivyo usimpe dawa ya kiungulia ukaondoka, maana ugonjwa wa moyo nao huweza kujitokeza kwa maumivu ya mahali hapo hapo, hasa kwa wanawake na wazee. Muulize yalianza lini, anafanya nini yanapozidi, yanasambaa wapi, na kama anatokwa na jasho la baridi, kisha andika maneno yake kama alivyoyasema.

Utasoma sheria pia, walau kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43(2), inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ukikihifadhi kifungu hicho, utakisoma kwa sauti ya upole siku utakapodaiwa amana langoni huku mgonjwa akiwa juu ya machela.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Uvira na ninaishi Columbus, Ohio, ambako nafanya kazi ya kutunza wazee. Nataka kuwa EMT, lakini Kiingereza changu ni cha kujifunzia ukubwani, na nasikia mtihani ni mgumu. Je, nijaribu?
Mama wa watoto wawili, Columbus

JIBU: Jaribu, mama, ila ujue unachokabiliana nacho. Ni lazima umalize kozi iliyoidhinishwa na jimbo, ambayo kwa kawaida huzidi saa 150, kisha ukae mtihani wa NREMT, asasi ya kitaifa ya Marekani inayosajili wahudumu wa tiba ya dharura, iliyoanzishwa mwaka 1970. Mtihani hufanywa kwenye kompyuta kwa Kiingereza, una maswali kati ya 70 na 120, na muda wake ni saa 2. Kompyuta hupima uwezo wako kadiri unavyojibu, ikikuongezea ugumu unapofanya vizuri, kwa hiyo ukiona maswali yanakuwa magumu usidhani umeshashindwa. Ukianguka mara tatu utasoma mafunzo ya marudio, kisha utapewa nafasi tatu nyingine.

Ukihisi kwamba kazi hii haikutengenezewa watu kama wewe, soma habari za Freedom House ya Pittsburgh. Mwaka 1967 Dkt. Peter Safar alisaidia kuanzisha huduma ya ambulensi ya mtaa wa Hill District, ikawaajiri hasa Wamarekani Weusi ambao wengine waliwahesabu kuwa hawaajiriki. Wakawa miongoni mwa paramediki wa mwanzo kabisa nchini humo, hadi huduma ilipofungwa mwaka 1975. Kiswahili chako nacho ni mali: mzee wa Kikongo mwenye maumivu ya kifua saa nane za usiku hatamsubiri mkalimani wa simu.

SWALI: Nimekubaliwa chuoni, lakini nikiona damu nazirai. Niache?
Binti, Tanga

JIBU: Usiache. Kunywa chai na ule mkate kabla ya kwenda wodini, usisimame umekaza magoti, na ukianza kuhisi kizunguzungu kaza misuli ya mapaja na tumbo ili damu ipande kichwani. Mweleze mkufunzi wako mapema. Masikio yakianza kuvuma, keti sakafuni papo hapo. Wauguzi wataruka miguu yako na kuendelea na kazi, jambo ambalo hawataweza kulifanya ukimwangukia mgonjwa.