Wataoana Tu, Najua

Wiki hii mmetuuliza: ni kitu gani unachosoma au kutazama msimu wa sikukuu, ambacho mwezi mwingine wowote usingependa kukutwa nacho?

Mimi nilishakutwa nacho, kwa hiyo sina cha kuficha. Ni riwaya za mahaba za Krismasi, zile zenye jalada la theluji na mwanamke aliyejifunga skafu nyekundu, pamoja na filamu za televisheni ambazo ni ndugu zake wa tumbo moja. Zikianza mwishoni mwa Novemba, mimi na rimoti hatuachani mpaka Mwaka Mpya. Ukiniwekea moja mezani tarehe 2 Januari, siigusi.

Kazi yangu ni uhasibu, na Desemba ni mwezi wa kufunga hesabu. Ni mwezi ambao mkuu wa idara hukumbuka tarehe 19 kwamba risiti za Machi ziko kwenye buti la gari lake. Ni mwezi wa kuwinda, siku mbili nzima, tofauti ya hesabu isiyotosha kununua hata peremende, kwa sababu vitabu havikubali kufungwa nayo. Nikifika nyumbani kichwa kinavuma. Rafiki zangu wanaosoma vitabu vya maana hunishauri nijipumzishe na riwaya nzito iliyopata tuzo. Mwaka mmoja nilijaribu. Kufika ukurasa wa 40 baba amemkana mwanawe, nyumba imepigwa mnada, nami nimeshika penseli naandika pembeni nani anamdai nani.

Nikarudi kwa watu wangu. Ila nilisoma kwa siri: kila kitabu nilikivalisha gazeti kama tulivyovalisha madaftari shuleni, na mume wangu akaamini ni sheria za kodi. Akawa ananipunguzia redio kwa heshima.

Aliyenitoa mafichoni ni mama mkwe. Ni mwalimu mstaafu, mkimya, anayeshika kalamu nyekundu hata anaposoma kadi ya harusi. Alikuja kukaa nasi sikukuu moja, nami nikapandisha vitabu vyangu juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Usiku wa tatu niliamka kunywa maji nikaona mwanga sebuleni. Amejifunika shuka mpaka kidevuni, na sauti ya televisheni ameishusha ikawa mnong'ono.

"Mama, hujalala?"

"Nitalalaje, mwanangu? Hawajabusiana."

Nikavuta kiti. Kwenye skrini, binti mchoraji wa ramani za majengo ametumwa na kampuni kwenda kufunga duka la wanasesere katika mji mdogo. Mwenye duka ni mjane mwenye mbwa. Huko jijini alikotoka, binti ana mchumba, na huyo mchumba simu haimtoki sikioni.

"Huyu ataachwa kabla ya matangazo," mama mkwe akasema. Akaachwa. Nikamuuliza kama filamu hiyo ameshaiona.

"Sijaiona. Nimeziona dada zake."

Watu wanaozicheka hudhani wametugundulia siri: "Lakini si unajua watakavyoishia?" Najua. Wataoana tu. Ngano za sungura na fisi tulizisikia mara ngapi? Hakuna mtoto aliyemkatiza bibi ati sungura lazima atashinda. Bibi akiruka kipande, mtoto ndiye anayemrudisha. Na mimi kwa kazi yangu nitaongeza hivi: ukishapewa jumla, ndipo macho yako yanapata nafasi ya kuona tarakimu zilivyopangwa.

Tarakimu zenyewe, kwa upande wa televisheni, zimepangwa kwa rula. Filamu ya aina hii hufika dakika 85 hivi, ikatiwa matangazo ikajaza saa mbili. Kwa hiyo kila kabla ya tangazo lazima kitu kibaki kinaning'inia: barua haijafunguliwa, mlango umegongwa, nyuso mbili zimesogeleana halafu mtoto kaingia kuomba maji. Karibu na mwisho huja kutoelewana, tena kwa jambo ambalo watu wawili wazima wangelimaliza kwa sentensi moja. Busu lenyewe huwekwa dakika za mwisho kabisa. Kituo cha Hallmark cha Marekani, ambacho tangu 2009 kina msimu wake rasmi wa kuhesabu siku kuelekea Krismasi, kimeifanya fomyula hii kuwa kama kanuni za ngoma: ukikosea hatua, watazamaji wanajua.

Nyingi ya filamu hizo hupigwa Kanada, mara nyingi katikati ya kiangazi, kwa wiki mbili au tatu tu. Ukishajua hilo utazitazama kwa jicho jingine. Tazama midomo yao wanapoongea nje usiku wa "baridi kali": hakuna mvuke. Tazama paji la uso la sterling wa kiume chini ya kofia ya sufu, linang'aa. Ninachokipenda kuliko vyote ni kikombe cha kahawa cha karatasi. Sterling wa kike anapewa kikombe kilichojaa, eti cha moto, anakizungusha hewani huku akieleza utoto wake, na hakidondoshi hata tone, kwa sababu ni kitupu. Mume wangu, ambaye siku hizi hupita sebuleni kwa kisingizio cha kutafuta chaja, ndiye aliyenionyesha.

Theluji ya uongo ina historia yake, na hapa naomba mnivumilie. Zamani Hollywood walimwaga konfleksi zilizopakwa rangi nyeupe. Zilionekana vizuri, ila mwigizaji akizikanyaga zinapiga kelele, hata ikabidi maneno ya mapenzi yarekodiwe upya baadaye. Walipokuwa wakitengeneza filamu ya Krismasi ya It's a Wonderful Life, iliyotoka 1946, mafundi walichanganya kemikali ya kuzimia moto na sabuni na maji wakapata povu lililotua kimya. Hapo ndipo mtu akaweza kunong'ona kwenye theluji. Filamu hiyo haikuleta faida iliyotarajiwa ilipotoka. Mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa, vituo vya televisheni vya Marekani vikaanza kuirusha bila kulipia, tena na tena kila Desemba, mpaka watu wakaona Krismasi bila hiyo haijafika. Kilichokuwa kimeandikwa kama hasara kikageuka mali kwa sababu ya karani kusahau fomu. Mhasibu gani hatapenda hadithi hiyo?

Kuna wasomi wanaosema vitabu vya msimu ni ujanja wa biashara za siku hizi. Lakini mwandishi Mwingereza Charles Dickens alitoa kitabu chake cha Krismasi, A Christmas Carol, tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zikawa zimekwisha kufikia mkesha wa Krismasi. Alijua vizuri kalenda inamwambia nini. (Gharama za uchapaji alibeba mwenyewe, akataka jalada zuri na picha za rangi, akaishia kupata faida ndogo kuliko alivyotegemea. Angeniuliza mimi kwanza.)

Ukinilazimisha kuchagua, nitachukua kitabu na kuacha filamu. Filamu haina subira. Kuna riwaya nimeirudia mara nne kwa ajili ya kurasa kumi tu. Watu wawili wasiopatana wanapewa boksi la taa za mti wa Krismasi zilizojisokota kama utumbo, wakaambiwa wazifungue kabla ya jioni. Wanakaa sakafuni, kila mmoja na ncha yake. Mwanamke anavuta kwa hasira, fundo linakaza. Mwanamume anavaa miwani, anafuata waya mmoja kwa kidole, taratibu, hasemi kitu. Ukurasa wa sita mwanamke ndipo anapogundua kwamba kila kipande ambacho mwenzake amekifungua anakisukuma upande wake, ili rundo la mwanamke lionekane linakua. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mimi niliweka kitabu kifuani nikatazama dari. Kwenye filamu wangezifungua kwa sekunde ishirini, na muziki juu.

Si zote ninazozipokea, msidhani sina ubaguzi. Zile ambazo mwanamke mwenye kazi nzuri anaiacha ili akauze mishumaa kwa sababu kaona mwanamume amebeba kuni, nazirudisha kabatini. Wana wa mfalme wa nchi ambazo ramani haizijui nawavumilia wawili kwa msimu. Aliyepigwa na mpira wa theluji akapoteza kumbukumbu, simvumilii hata mmoja. Ninazozitafuta ni za watu waliokwishaumia kidogo: wajane, wenye miaka hamsini, waliowahi kuachana wakakutana tena kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Hao wanapokubali kupenda, unajua wamepiga hesabu.

Tena nina udhaifu mmoja usiotibika, wa dhoruba. Barabara imefungwa, umeme umekatika, nyumba ya wageni imebakiza chumba kimoja na chumba kina kitanda kimoja. Nimesoma vitanda hivyo visivyopungua thelathini. Kila mara mmoja anasema atalala sakafuni, kila mara blanketi halitoshi, na kila mara napuuza saa ya ukutani inayoniambia kesho kuna kazi. Mama mkwe anasema waandishi hao wangekuwa wanafunzi wake angewapa sifuri kwa kuigana. Halafu anauliza kama blanketi lilitosha.

Siku hizi vitabu vyangu havivai magazeti. Tunagawana: mimi husoma kwanza, nampelekea, naye huvirudisha vikiwa na alama nyekundu pembeni. "Uongo." "Amechelewa kuomba radhi." Mahali pamoja, chini ya busu, aliandika "Vema" na kupiga mstari mara mbili. Kwa kipimo chake hiyo ni tisini na tano kwa mia.

Jana usiku nilikuwa katikati ya cha kwanza cha msimu huu simu ikaita. Saa nne kasoro, nikashtuka, nikidhani kuna mgonjwa.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Dhoruba ndiyo imeanza, Mama. Wamefunga barabara."

Kimya kidogo. Nikasikia anavuta kiti.

"Vitanda vingapi?"