Kabla Hujaifuta Saa ya Mtu: Maneno kwa Wageni wa Dawati la Ufundi

Juma hili nimesimama nyuma ya wadogo zangu wawili wa kazini, kila mmoja kwa siku yake, na mara zote mbili nimelazimika kuiondoa saa ya mteja mikononi mwao kabla kidole hakijafika kwenye chaguo la kurejesha mipangilio ya kiwandani. Malalamiko yalikuwa yaleyale tuliyoyazoea: saa ya GPS inaachana na programu ya simu kila baada ya siku mbili tatu. Sikuwakaripia, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi kabla yenu, tena kwa kujiamini kuliko ninyi. Nimeona niandike, maana ninayoyasema dawatini huingia sikio hili na kutokea lile.

1. Tofautisheni saa iliyokatika na saa iliyoachana. Fungueni orodha ya Bluetooth ya simu kabla ya kugusa kitu kingine. Ikiwa jina la saa bado limo, basi ndoa ipo, ila wanandoa hawasemezani, na mara nyingi kuzima na kuwasha simu kunatosha. Anayekimbilia kuoanisha upya, yaani kuzitambulisha saa na simu kama hazijawahi kukutana, hapo anatengeneza tatizo ambalo halikuwapo. Mteja akisema kwamba "GPS inakata", msibishane naye, lakini pia msimfuate. Setilaiti za GPS ziko kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu na saa inazisikiliza tu, bila kuhitaji simu, ilhali Bluetooth ni mazungumzo ya mita chache. Mambo hayo mawili hukutana mahali pamoja: saa iliyokaa siku nyingi bila kusawazisha, yaani bila kubadilishana data na simu, hukosa makadirio ya mahali setilaiti zitakapokuwa ambayo huipata kupitia simu, kwa hiyo huchelewa kujua ilipo, na mteja aliyesimama barabarani akisubiri huunganisha visa viwili kuwa kimoja.

2. Okoeni kilichomo ndani ya saa kwanza. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja dada mmoja ambaye saa yake ilikuwa imeachana na simu mara nne katika mwezi mmoja. Alikuwa mpole, alieleza kila kitu kwa utaratibu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuacha kusikiliza alipofika sentensi ya pili, kwa kuwa nilijiona ninalijua jibu. Saa ile, kama zilivyo nyingi, ilikuwa na chaguo mbili zilizofuatana: la juu lilirudisha mipangilio tu, la chini lilifuta kila kitu. Nilichagua la chini kwa sababu nilitaka, kwa maneno yangu mwenyewe, "kuanza upya kabisa". Saa ikatetemeka, skrini ikawa nyeusi, kisha ikaniuliza ninataka kutumia lugha gani, kama vile haijawahi kuvaliwa na mtu. Nikageuka nikitabasamu, naye akaniuliza, "Sasa kaka, zile mbio zangu za Jumapili zitarudi zenyewe kwenye simu?"

Zilikuwa mbio zake za kwanza za marathon, kilomita 42.195 zote. Saa ilikuwa haijasawazisha tangu siku tatu kabla ya mbio, kwa hiyo rekodi haikuwa kwenye simu wala kwenye akaunti. Ilikuwa ndani ya saa peke yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeifuta sekunde chache zilizopita. Muda wake rasmi alikuwa nao kutoka kwa waandaaji, jambo ambalo nilimkumbusha haraka mno, kama mtu anayejitetea mahakamani. Lakini mapigo ya moyo, kasi ya kila kilomita, na ile kilomita ya 34 ambako, kwa maelezo yake, alitembea akilia kisha akaanza kukimbia tena, vyote vilikuwa vimekwenda. Hakunifokea. Aliichukua saa, akaifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha mezani akasema, "Basi malizia kuiunganisha." Ingekuwa afadhali angefoka.

Na kilichonikata maini zaidi ni kwamba haikuunganika. Nilijaribu mara tatu, na simu ikakataa mara tatu, kwa sababu ufunguo wa zamani, ile siri ambayo saa na simu hutambuana kwayo, ulikuwa bado umekaa kwenye orodha ya Bluetooth ya simu yake, mahali ambapo sikuwa nimepatazama hata kidogo. Mwenzangu mkongwe alipita, akaiondoa saa kwenye orodha ile, akaoanisha, akaenda zake. Dakika nne. Nilikuwa nimefuta marathon ya mtu kwa ajili ya ugonjwa usiokuwa ndani ya saa.

Kwa hiyo: kama saa inafunguka kwenye kompyuta kama diski, chomekeni kebo mnakili faili za FIT, ndizo zenye rekodi za mazoezi, kisha ndipo mshike kitu kingine.

3. Talaka iwe ya pande zote. Saa na simu zinapooanishwa, kila moja hutunza ufunguo wake, na upande mmoja ukiufuta huku mwingine ukiushikilia, zitakutana kila siku na kukataana kila siku. Yule dada wa marathon alikuwa akiiondoa saa ndani ya programu tu kila ilipomsumbua, kama alivyoelekezwa na mtu, nadhani mmoja wetu. Iondoeni kwenye programu, kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, na kwenye orodha ya simu iliyo ndani ya saa. Washeni upya vyote viwili. Kisha oanisheni kutokea ndani ya programu, si kutoka kwenye menyu ya Bluetooth, hata kama jina la saa limejitokeza pale na linawaita. Zile tarakimu 6 za kuthibitisha uoanishaji zikionekana, ziingizeni bila kupiga soga na jirani, maana hazisubiri.

4. Ruhusa na betri. Kuanzia Android 12, ya mwaka 2021, kuna ruhusa ya vifaa vilivyo karibu ambayo wateja huikataa wakidhani wanapelelezwa. Iwasheni, kisha iondoeni programu kwenye orodha ya zile zinazobanwa ili kuokoa betri. Kwenye iPhone, mwambieni mteja aache kuisukuma programu juu na kuifunga kila usiku kama anayefunga mlango wa nyumba.

5. Ulizeni kuhusu simu ya zamani. Bwana mmoja alirudi kwangu mara tano, na mara zote saa ilitulia dawatini kisha ikagoma akifika nyumbani. Safari ya tano ndipo nilipomuuliza simu yake ya awali iko wapi, akajibu kwamba anaitumia kusikilizia redio, iko kando ya kitanda, Bluetooth imewashwa na programu bado imo. Ilikuwa inamnyang'anya saa kila jioni. Swali hilo ningeliuliza siku ya kwanza, tungeokoa safari nne, na heshima yangu kidogo.

6. Sasisheni programu dhibiti ya saa, ile inayoiendesha saa yenyewe, wakati betri imejaa.

Baada ya kisa cha marathon nilibandika karatasi juu ya dawati, yenye swali moja kwa herufi kubwa: "MARA YA MWISHO IMESAWAZISHA LINI?" Ilikaa pale miaka mingi mpaka mwezi uliopita, mmoja wenu alipoibandua ili apate nafasi ya kutundikia ratiba ya zamu. Sitaki kujua ni nani. Naomba tu kesho asubuhi niikute imerudi mahali pake.