Silinda ya tatu ina 118: usifunge supachaja bado

Msomaji mmoja wa Kasarani ameandika wiki hii. Ana Corolla AE101 yenye injini ya 4A-FE, na amepata supachaja ya SC12, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukumia hewa zaidi, iliyotolewa kwenye 4A-GZE, injini ya Toyota iliyotoka kiwandani na supachaja. Klachi yake ya umeme bado inashika. Fundi wake amepima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda huijenga pistoni ikipanda, akapata psi (pauni kwa inchi ya mraba) 146, 148, 118 na 145. Kisha akamwambia asijali: Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi, lazima geji isome chini. Swali la msomaji ni fupi: afunge au asifunge?

Asifunge. Fundi amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayotoboa pistoni.

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni takriban psi 11.8, wakati Mombasa ni 14.7. Kwa hiyo injini nzima kabisa inayosoma 180 Mombasa itasoma kama 145 ukiipima Industrial Area, bila kuumwa popote. Hesabu yake si ngumu: chukua namba ya kitabu, jumlisha 14.7, zidisha kwa 0.8, halafu toa 11.8. Watu wamefungua injini zisizo na kosa kwa sababu ya kusoma kitabu cha Japani bila kufanya hesabu hiyo. Lakini mwinuko hauchagui silinda. Unazishusha zote nne pamoja. Toyota inaruhusu tofauti ya psi 14 hivi kati ya silinda ya juu na ya chini, na hapa kuna 30. Namba tatu zinasema injini hii ni nzuri kwa umri wake. Ile iliyobaki, ya silinda ya tatu, inasema kuna mahali inavuja.

Supachaja haiongezi nguvu kwa injini iliyochoka. Inaongeza presha na joto mahali pale pale palipochoka. Moshi wa mwako unaopenya ringi zinazoizunguka pistoni huingia chini kwenye oili, mvuke wa oili unarudi juu kupitia bomba la kupumulia, unachanganyika na petroli na kuipunguzia uwezo wa kuvumilia mgandamizo. Injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka yenyewe badala ya kuungua taratibu. Ukiwa na supachaja, kugonga kwa dakika chache ukipanda kutoka Mai Mahiu kunatosha kuvunja ukuta mwembamba ulio kati ya ringi na ringi kwenye pistoni.

Kabla hujaziamini namba zozote, hakikisha zimepimwa sawasawa. Injini iwe moto, feni ya rejeta imeshawaka angalau mara moja. Betri iwe imejaa. Toa plagi zote nne kwa pamoja, si moja moja. Chomoa soketi ya distribyuta na fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli), ili petroli isimwagike ndani na koili isirushe cheche ovyo. Kisha mtu akae ndani akanyage pedali ya mafuta hadi sakafuni. Hapa ndipo wengi hukosea: throtoli, mlango wa kuingizia hewa, ikibaki imefungwa injini haipati hewa ya kutosha, na silinda zote zinasoma chini. Piga stata hadi sindano ya geji iruke mara sita au saba, idadi ileile kwa kila silinda.

Usiangalie namba ya mwisho tu. Angalia mruko wa kwanza. Silinda nzima hupanda kwa nguvu mara moja kisha inamalizia polepole. Yenye ringi zilizochoka huanza chini na kujivuta juu hatua kwa hatua. Yenye valvu isiyokaa vizuri huanza chini na kubaki hukohuko. Kisha mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha stata kidogo, upime tena. Namba ikipanda wazi, ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi kati yao kwanza.

Na namba ya juu isikupumbaze. Injini inayokula oili hujipaka oili kwenye ringi na kujaza masizi juu ya pistoni. Zote mbili huipandisha geji. Ukifunga supachaja juu ya masizi hayo, yanawaka kama kaa na kuwasha petroli kabla ya cheche. Wenye injini za Toyota 1ZZ-FE za mwanzo mnaijua hadithi ya oili inayopotea bila kuonekana chini ya gari. Pimeni matumizi ya oili kwa kilomita elfu moja kabla ya kuota supachaja.

Kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, na ndicho kinachojibu swali la Kasarani, ni cha kuvuja: unajaza silinda hewa kupitia tundu la plagi na kuona kiasi kinachopotea. Ni geji mbili kwenye mpira mmoja, na kompresha ya kawaida ya gereji inatosha mradi ishike psi 100. Leta pistoni ya tatu juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa. Toa spana kwenye boliti ya krenki kabla ya kufungulia hewa, kwa sababu pistoni ikiwa imepita juu kidogo tu, injini itazunguka yenyewe na spana itakuvunja mkono. Geji ya pili ikionyesha hasara ya chini ya asilimia 10, hiyo ni injini ya kujivunia. Kati ya 10 na 20 ni umri, inavumilika kwa presha ndogo. Ikipita 20, acha.

Sasa omba mwenye grinda anyamaze kidogo, na usikilize. Hewa ikifyonya kwenye throtoli, ni valvu ya kuingiza. Ikisikika kwenye silensa, ni valvu ya kutolea. Ikipuliza kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Kidogo ni kawaida, lakini ikikupepea shavu ni nyingi. Mapovu kwenye rejeta iliyofunguliwa mfuniko ni gasketi au hedi iliyopasuka.

Oili nayo ina lake. Kama injini imejazwa oili nzito ya 20W-50 ili inyamaze, imwage urudishe unene ulioandikwa kwenye kitabu, ndipo upime. Toa swichi ya taa ya oili, funga geji ya mkono hapo, na upime injini ikiwa moto kabisa. Kwa 4A-FE, ifikapo mizunguko 3,000 unataka kati ya psi 36 na 71. Kwa gari la kufunga supachaja, inayosoma 36 kamili imepita mtihani kwenye karatasi tu. Kisha kata filta ya oili kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, maana msumeno utakuachia vumbi lake la chuma na utajidanganya. Kunjua karatasi ya ndani juani na upitishe sumaku. Vinavyoruka kwenye sumaku ni chuma. Vinavyong'aa na kukataa sumaku vimetoka kwenye beringi au pistoni, na hapo mazungumzo ya supachaja yameisha.

Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila mtu husahau: puli ya krenki. Ina tabaka la mpira kati ya kitovu na mzingo wa nje, na mpira huo una umri wa gari. Mkanda wa supachaja unauvuta kwa nguvu ambayo haukuwahi kuizoea. Chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kitovuni hadi ukingoni, endesha wiki moja, halafu fungua boneti. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyokutana, mpira umeteleza. Maana yake pia alama ya taimingi iliyo ukingoni inadanganya, kwa hiyo kila aliyekuwekea taimingi kwa taa amekuwekea uongo. Puli iliyotumika, hata iwe imeshuka juzi kutoka Japani, ni mpira wa umri uleule. Nunua mpya. Ukiwa hapo, sukuma krenki mbele na nyuma kwa mtaimbo ukiwa na geji ya mshale inayopima mchezo: ikicheza zaidi ya milimita 0.30, vipande vya kuzuia krenki vimekwisha.

Kuhusu kupoza, rudisha themostati. Fundi aliyeitoa "ili gari isichemke" alificha rejeta iliyoziba. Hapa maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshika presha yake ni kifaa cha lazima.

Petroli: pampu ya zamani inaweza kuonyesha presha nzuri gari ikiwa imesimama na kuzirai ikipanda mlima, basi pimia barabarani, geji ikiwa imefungwa kwa tepu kwenye kioo. Injekta, vinyunyizio vya petroli, zipelekwe zikapimwe kwa mashine; moja ikitoa pungufu kuliko wenzake, silinda yake ndiyo itakayoungua. Plagi ziwe za aina ya baridi zaidi kwa hatua moja, yaani zinazotoa joto haraka, na pengo lipunguzwe hadi milimita 0.7 au 0.8, la sivyo presha itazima cheche.

Kumbuka pia kwamba 4A-FE inaigandamiza hewa yake 9.5 kwa 1 hata kabla ya supachaja. Toyota walipoweka supachaja kiwandani, 4A-GZE za kwanza zilipewa 8.0, za baadaye 8.9, na pistoni zilizofuliwa. Ukibaki na pistoni zako za kiwandani, usivuke psi 5 za supachaja, juu ya presha ya hewa ya kawaida, kwa Nairobi. Na psi hizo 5 hazibaki 5. SC12 inazidisha hewa iliyoikuta, kwa hiyo puli ileile itakupa kama 6.2 ukifika Mombasa, juu ya hewa ambayo tayari ni nzito zaidi. Kisoma presha cha kiwandani hakikutengenezwa kuona hayo. Anayekutengenezea tuni hapa aache nafasi kwa ajili ya pwani, au usishuke na gari hilo.

Turudi kwa silinda ya tatu. Anza na kipimo cha kuvuja. Hewa ikitokea kwenye silensa, usikubali hedi ifunguliwe siku hiyo. Fungua kifuniko cha juu injini ikiwa baridi na upime nafasi ya tapeti, vikombe vinavyosukuma valvu, za silinda hiyo kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi). Kwa 4A-FE valvu ya kutolea hujichimbia kwenye kiti chake kadiri miaka inavyokwenda, nafasi inabana, na valvu inashindwa kufunga vizuri. Shimu nyembamba zaidi, kile kisahani cha juu ya tapeti, inaweza kukurudisha kwenye 140 na zaidi, kama kiti hakijaungua. Hewa ikitokea kwenye tundu la oili, SC12 ikae kwenye boksi, imezibwa midomo kwa kitambaa kisafi, hadi ringi zibadilishwe.