Paa kwanza, sola baadae: yaliyonikuta kwenye paa langu

Nyie mnaojenga saivi na mna mpango wa kuweka sola hata kama ni miaka mitatu mbele, someni hii kabla hamjaenda kununua bati. Mi nilifanya kinyume, nikaezeka kwanza kwa kuangalia rangi tu, afu paneli zikaja baadae, na msimu wa pili wa mvua nikaamka nakuta tone linadondoka kwenye gipsamu hatua mbili kutoka kwenye swichi ya taa. Nikapanda darini na tochi, nikakuta maji yanafuata mzizi wa skrubu kama uzi, yanatambaa kwenye mbao, yakifika kwenye kona ya kenchi ndo yanaachia. Hiyo skrubu fundi alikuwa ameipiga kwenye bonde la bati, pale maji yanapopita yote, badala ya kwenye mgongo. Zilikuwa kama kumi hivi za namna hiyo.

Sa tuanze na hesabu ambayo mimi sikuifanya. Paneli nzuri inapewa udhamini wa uzalishaji wa miaka 25, inapungua nguvu kidogo kidogo, kama nusu asilimia kwa mwaka. Kwa hiyo jiulize hilo paa litafika huko? Maana likianza kutu mwaka wa 12 itabidi ushushe paneli zote, reli zote zinazoshikilia paneli, uezue, uezeke upya, afu uzirudishe juu, na kila hatua fundi analipwa. Mi nilishusha paneli nane. Bado nikiiona ngazi naumwa mgongo.

Kwa bati za chuma, usinunue kwa geji peke yake. Geji namba ikiwa ndogo bati ndo nene, 26 ni nene kuliko 28, na 28 kuliko 30, ila bati mbili zimeandikwa geji 28 unaweza kuzipima zikawa tofauti, so uliza unene kwa milimita na kama una kipimo pima mwenyewe. Hii ina maana kubwa kwenye sola kwa sababu kuna vishikizo vifupi vinavyofungwa kwenye mgongo wa bati lenyewe bila kufika kwenye mbao, na watengenezaji wake kawaida wanataka chuma kisichopungua milimita 0.4 au 0.5. Ukiviweka kwenye bati jembamba unakuwa umeshikilia paneli kwa karatasi. Kama bati lako ni jembamba basi bolti lazima ishuke mpaka kwenye papi, yaani zile mbao zinazobeba bati, hakuna mjadala.

Umbo la bati nalo. Bati la migongo mipana iliyo bapa juu linafunga vizuri maana kishikizo kinakaa kimetulia na mpira wa wosha unagusa kote. La mawimbi ya duara linawezekana ila mpira unakaa nusunusu, fundi mvivu anakaza mpaka bati linabonyea, kibonyeo kinakusanya maji, na mpira ukichoka kwa jua ndo unaanza kuona doa darini. Zile bati ndefu zinazoungana kwa mikunjo iliyosimama, skrubu zake zikiwa zimefichwa, kwa sola naziona ndo bora kuliko zote kwa sababu klampu inabana ule mkunjo, hutoboi kitu. Bei imesimama pia lakini hesabia na huo usumbufu wa kuvuja.

Vigae vya zege au vya udongo vinadumu sana, ila kuna kazi. Ndoano inatakiwa iingie chini ya kigae na ishikwe kwenye mbao, kigae cha juu yake kichongwe kidogo kikae sawa, na vingine vitavunjika tu wakati mafundi wanatembea, kwa hiyo weka akiba ya vigae vya aina hiyohiyo toka siku ya kwanza, mbeleni unaweza usivipate. Bati zenye changarawe juu zinazoiga vigae zina shida yake, ukikanyaga katikati zinabonyea, na chenga zinabanduka pale unapotoboa, hapo chuma kinabaki wazi. Nyasi na makuti usiweke paneli juu yake kabisa, waya ukipata hitilafu hapo ni moto, simika paneli kwenye nguzo uani. Na kama nyumba ni ya zamani ina mabati ya asbesto, usiruhusu mtu atoboe, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu.

Watu wengi wanauliza uzito, "paa litabeba?" Paneli moja ya kawaida ni kilo 20 na kitu, ukiweka na reli inakuja kama kilo 12 mpaka 15 kwa mita moja ya mraba. Vigae vya zege vyenyewe ni kilo 40 na zaidi, kwa hiyo paa lililojengwa kubeba vigae halishtuki. Lakini kenchi zilizopigwa kwa mbao za kubania bajeti kwa ajili ya bati jepesi, hizo aangalie mtu anayejua. Na kusema kweli mi naogopa upepo kuliko uzito, upepo unaingia chini ya paneli na kuinyanyua, ndo maana unaacha nafasi kutoka ukingo wa paa na unahesabu bolti zilizoingia kwenye mbao, sio zilizopo.

Joto je? Paneli inapoteza kama asilimia 0.3 mpaka 0.4 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Seli ikifika nyuzi 65, na juu ya bati mchana inafika, umeshapoteza asilimia 12 mpaka 16. Kwa hiyo acha uwazi wa sentimita 10 hivi kati ya bati na paneli hewa ipite, na rangi ya bati iliyopauka ina faida kidogo kuliko nyeusi. Mteremko nao usiwe bapa kabisa, nyuzi 10 au 15 mvua inaosha vumbi yenyewe. Upande mkubwa wa paa ukitazama ikweta ni vizuri, yaani ukiwa kusini mwa ikweta utazame kaskazini, na tenki la maji lisikae mahali litakapotupa kivuli kwenye paneli, kivuli cha kipande kidogo kinaweza kuvuta chini mstari mzima wa paneli.

Kingine kinachosahaulika ni metali kugusana. Reli ni za alumini, bati ni chuma chenye zinki, tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, na usiache waya wa kopa mtupu ulale kwenye bati, utalila.

Afu kabla hujafunga dari, tafadhali, panda na futi kamba, piga picha kila papi na uandike umbali kutoka kwenye kofia, kile kifuniko cha kileleni mwa paa, mpaka papi ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho, na upitishe bomba la waya toka juu mpaka chumba cha inveta. Kwangu fundi alitafuta mbao kwa kubahatisha, akatoboa matundu 14 ambayo hayakukuta kitu, yote akayaziba na silikoni.