Maswali ya Wasomaji: Megapikseli Nyingi au Kasi?

Barua tulizochagua safari hii zinazunguka jambo moja: kamera inayokataa kwenda mbio pale unapoihitaji zaidi. Tumefupisha maswali, majibu tumeyaacha marefu pale yanapostahili.

Kamera yangu ina megapikseli 24 na imetangazwa kupiga picha 10 kwa sekunde. Kwenye mechi nikishikilia kitufe inakwenda vizuri sekunde tatu hivi, kisha inaanza kwikwi: picha moja, kimya, picha moja. Fundi anasema kihisi kimechoka. Ni kweli? (Mpiga picha wa michezo, Mwanza)

Kihisi, sehemu inayonasa mwanga, hakichoki namna hiyo. Kilichojaa ni bafa, kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya kamera, ambamo picha hupanga foleni zikisubiri kuandikwa kwenye kadi. Fikiria simtanki: bomba la kuingiza ni nene, la kutoa ni jembamba. Tanki likijaa, maji yanaingia kwa kasi ile ile yanayotoka, na hiyo ndiyo kwikwi unayoiona.

Piga hesabu. Megapikseli 24 ni nukta milioni 24; kila moja ikiandikwa kwa biti 14, ni MB 42 kwa picha moja ya RAW (faili ghafi la kihisi) isiyobanwa. Ikibanwa bila kupoteza kitu, tuseme inashuka hadi MB 28. Kwa picha 10 kila sekunde, MB 280 zinaingia. Kama kadi yako inaandika MB 80 kwa sekunde, kila sekunde zinabaki MB 200 tankini. Bafa ya MB 700 itajaa baada ya sekunde tatu na nusu. Ukiweka kadi inayoandika MB 200, na kamera nayo ikawa na uwezo wa kuipokea, bafa ile ile itakwenda karibu sekunde tisa. Sasa chukua kamera ya megapikseli 45 yenye faili za MB 50, bafa na kadi yako ya zamani zikiwa zile zile: utakwama kabla ya sekunde ya pili kuisha. Megapikseli zaidi hazikugharimu kasi ya kuanzia, zimekugharimu pumzi.

Kabla ya kununua kitu, pima. Fomati kadi ndani ya kamera (nakili picha zako kwanza). Weka fokasi ya mkono, kasi ya shata 1/1000, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 400. Elekeza kwenye majani au nyasi, si kwenye ukuta mweupe. Ukuta hubanwa ukawa faili dogo na utakudanganya. Shikilia kitufe kwa sekunde 10 huku simu ikihesabu muda, achia, kisha subiri taa ya kadi izimike. Jumla ya ukubwa wa faili zote, igawanye kwa sekunde kuanzia ulipobonyeza hadi taa ilipozimika. Hiyo ndiyo kasi yako halisi ya kuandika.

Ukipata MB 70 hadi 90, upo kwenye ukomo wa UHS-I (kiwango cha zamani cha kasi cha kadi za SD na matundu yake), ambao kwa kanuni hauvuki MB 104 kwa sekunde. Namba kubwa iliyochapwa kwenye kadi, kama 170, kwa kawaida ni kasi ya kusoma kwenye kompyuta, tena kwa kisoma kadi cha kampuni ile ile. Alama ya kuangalia ni V: V30 inaahidi kuandika si chini ya MB 30 kwa sekunde bila kushuka, V60 ni 60, V90 ni 90. Kadi ya UHS-II, kiwango cha kasi zaidi, utaitambua kwa safu ya pili ya vidole vya shaba upande wa nyuma. Ukiichomeka kwenye tundu la UHS-I itafanya kazi, ila kwa mwendo wa UHS-I, na pesa yako imelala. Kwa hiyo soma kijitabu cha kamera kwanza: ziko kamera zenye matundu mawili ambapo moja tu ni la UHS-II. Ukiandika kwenye kadi mbili kwa pamoja, ya polepole ndiyo inayoamua mwendo wa zote.

Na kama kipimo kimetoka MB 15 kwenye kadi iliyoandikwa V60, shuku kadi bandia. Ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Programu hizo hujaza kadi nzima kisha husoma kila kilichoandikwa.

Yangu haikwami, lakini kamwe haifiki kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Nahesabu picha sita kwa sekunde badala ya 10. (Nakuru)

Hujatuambia ni kamera gani, kwa hiyo anza na aina ya RAW. Kwenye Sony A7 IV ya megapikseli 33, kasi ya picha 10 hupatikana ukichagua RAW inayobanwa kwa kupoteza kidogo. Ukichagua isiyopoteza, au isiyobanwa kabisa, unashuka hadi kama sita. Si hitilafu. Jambo hili ni la zamani: Nikon D300 ya mwaka 2007 ilipiga picha sita kwa sekunde kwa biti 12, na ukiiweka biti 14 ilianguka hadi mbili na nusu.

Baada ya hapo angalia kasi ya shata. Kwa 1/60 huwezi kudai mwendo wa juu. Weka 1/500 au zaidi unapopima. Zima kipunguza kumetameta kwa taa ukiwa juani, kwa sababu huichelewesha kamera ikisubiri taa iwake vizuri. Chaji betri; kamera kadhaa hupunguza mwendo betri ikishuka. Kwenye menyu ya fokasi endelevu, kipaumbele kikiwa kwenye fokasi badala ya kufyatua, kamera itasita kila inapokosa uhakika. Kwa mechi tunapendelea chaguo la katikati pale lilipo. Marekebisho ya lenzi na usafishaji wa chembe (vidoa vya picha za mwanga hafifu) kwenye JPEG, yaani picha inayosindikwa na kubanwa ndani ya kamera, nayo hula muda; ukipiga RAW, vizime, utayafanya nyumbani.

Nikishusha ukubwa wa picha kutoka L (kubwa) hadi S (ndogo), kamera itaongeza kasi? (Zanzibar)

Mara nyingi haiongezi hata kidogo. Kihisi bado kinasomwa chote, halafu prosesa inapewa kazi ya ziada ya kuipunguza picha. Faida utakayoipata ni faili dogo, hivyo bafa inachelewa kujaa.

Kinachoweza kusaidia ni kutumia eneo la kati tu la kihisi, na hilo linategemea kinachoibana kamera. Nikon D7200 kwa RAW ya biti 14 hupiga tano kwa sekunde, na ukiiweka kwenye eneo dogo la kati liitwalo 1.3x inafika sita. Nikon Z9 ina shata ya kielektroniki pekee: megapikseli 45.7 kwa RAW mara 20 kwa sekunde, kwa JPEG mara 30, na ukikubali JPEG ya megapikseli 11 inafika 120. Kwa Nikon D850 mambo ni tofauti. Kinachoibana ni kioo kilicho mbele ya kihisi, kinachopanda na kushuka kwa kila picha, na kioo hakijui umechagua nukta ngapi.

Nawaongoza watalii Serengeti na napiga ndege na chui. Nimepata Nikon D500 na D850, zote zimetumika. Nichukue ipi? (Arusha)

Watu hulinganisha megapikseli 20.9 za D500 na 45.7 za D850 wakadhani D850 itamvuta ndege karibu mara mbili. Haimvuti. D500 ina kihisi kidogo, ambacho Nikon hukiita DX. Ukiiweka D850 kwenye eneo hilo hilo la DX inabaki na megapikseli 19.4. Kwa ndege yule yule, umbali ule ule na lenzi ile ile, D500 inamwekea nukta nyingi kidogo kuliko D850. Juu ya hapo, D500 inapiga 10 kwa sekunde na inabeba hadi RAW 200 mfululizo kwenye kadi ya XQD, aina ya kadi yenye kasi. D850 inapiga saba. Inafika tisa ukiongeza mshikio wa MB-D18 na betri kubwa ya EN-EL18b, gharama ambayo wauzaji husahau kuitaja.

D850 inashinda unapojaza fremu yote: simba aliyelala mita 15, nyumbu wanavuka mto, machweo. Hapo kihisi kikubwa kinapokea mwanga zaidi na chembe zinapungua jioni. Inashinda pia kwa ndege anayeruka ovyo: unamwacha na nafasi pembeni, unakata baadaye.

Kama nusu ya picha zako au zaidi ni ndege, tungechukua D500 na tofauti ya bei iende kwenye lenzi. Milimita 500 zitakupa zaidi ya megapikseli zozote.

Kwenye ukumbi wa harusi nilitumia shata ya kimya ili nisiwasumbue maharusi. Picha zote zina michirizi ya giza. (Mombasa)

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa zisizo na kidhibiti kizuri hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Shata ya kimya ni ya kielektroniki: husoma kihisi mstari kwa mstari. Kama kamera yako inachukua 1/30 ya sekunde kufika chini, taa zimefifia mara tatu hivi njiani, na michirizi mitatu ndiyo hiyo. Kwa kawaida nukta zikiwa nyingi na kihisi ni cha kawaida, usomaji unarefuka, na ndiyo sababu mpira unaopigwa teke huonekana yai.

Ukumbini weka 1/100 au 1/50. Taa za LED zenye mmeto wa kasi zaidi bado zinaweza kukusumbua. La sivyo rudi kwenye shata ya mapazia (ya kimakanika) na uwashe kipunguza kumetameta, ukubali ile kelele ndogo.

Kuna kamera zilizopunguza tatizo hili kwa kihisi chenye kumbukumbu iliyobandikwa nyuma yake, kama Z9 na Sony A1. Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, inasoma nukta zote kwa mpigo mmoja: picha 120 kwa sekunde, hakuna michirizi ya usomaji wala yai. Malipo yake? Megapikseli 24.6, na ISO ya msingi inaanzia 250.

Simu yangu ina megapikseli 50, lakini nikiiwasha hali hiyo watoto wanatoka kwenye picha kabla haijahifadhiwa. (Bukavu)

Kihisi hicho kimeundwa kuunganisha nukta nne kuwa moja, yaani picha ya megapikseli 12.5. Ukidai 50, simu inasoma kila nukta na kupanga upya rangi, kazi nzito. Tumia 12 kwa watoto, 50 kwa majengo mchana. A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 8.7 tu, kwa hiyo hupotezi chapisho la ukubwa huo; A3 ndiyo inayotaka 17.4.

Nimehama kutoka megapikseli 24 kwenda 45 na sasa wakimbiaji wangu wana ukungu. Lenzi ni ile ile. (Eldoret)

Ukungu ulikuwepo, sasa unaukuza zaidi. Mkimbiaji wa mita nane kwa sekunde, fremu ina upana wa mita nne, shata 1/500: anasogea sentimita 1.6. Kwenye picha ya nukta 6000 kwa upana hizo ni nukta 24, kwenye ya nukta 8256 ni 33. Ukichapa kwa ukubwa ule ule hutaona tofauti. Ukitaka kuzikata na zibaki kali, panda hadi 1/2000, utabaki na nukta nane. Hizo ni stopu mbili, yaani mwanga umepungua nusu mara mbili: ISO 400 inakuwa 1600.