Kaka ni msimamizi wa mirathi, je, duka limekuwa lake?

SWALI: Shikamoo wakili. Baba alifariki mwaka jana akaacha duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, lililosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) kama jina la biashara. Ukoo ulimpendekeza kaka, Mahakama ya Mwanzo ikamteua msimamizi. Miezi 9 sasa, amebadili kibao, mauzo yanaingia kwenye simu yake, na mama akiuliza anaonyeshwa barua ya mahakama. Mimi nimekaa kaunta miaka 6 bila mshahara. Kuna mtu karibu na mahakama anataka laki moja na nusu atuandikie muhtasari mpya wa kikao ili tumtoe. Tumlipe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimlipe. Nitamrudia huyo.

Haipiti wiki bila mtu kuingia ofisini kwangu na barua ya usimamizi kaikunja mfukoni kama hati ya kiwanja. Msimamizi wa mirathi si mmiliki! Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawia warithi na kurudi mahakamani kueleza alichofanya. Fungu lake atalipata kwa sababu ni mtoto, kama wewe. Nimelisema hili mpaka koo limekauka, na bado wajomba wanatoka kikaoni wakiamini wamemchagua "mrithi wa baba".

Jina la biashara ni jina tu. Duka lilikuwa mali ya baba mwenyewe, kuanzia saruji, nondo na mabati hadi deni la aliyewakopesha mzigo, na vyote vimeingia kwenye mirathi. (Ingekuwa kampuni, mali ingebaki ya kampuni nanyi mngerithi hisa zake.) Kubadili kibao au kutumia TIN (namba ya mlipakodi) ya kaka hakuhamishi hata mfuko mmoja wa saruji.

Kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi apeleke orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V, ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, labda awe ameongezewa muda. Hesabu zinafuata kwa Fomu Na. VI. Nenda masijala na namba ya shauri, uombe kupitia jalada. Ukikuta fomu haimo, au imo lakini stoo nzima imeandikwa "vifaa mbalimbali", wewe au mama mnaweza kumwomba hakimu amwite ajieleze. Akikaidi makusudi, ombeni uteuzi wake utenguliwe. Fanyeni hivyo jalada likiwa bado wazi. Likishafungwa, kumwondoa ni mlima mwingine.

Kuhusu miaka yako 6: kukaa kaunta peke yake hakukufanyi mbia. Kama mlikuwa mkigawana faida na baba, tafuta daftari, miamala ya simu, shahidi. Bila hivyo unarithi kama mtoto tu. Najua inauma.

Sasa huyo kishoka, mtu wa kati asiye rasmi, anayetaka laki moja na nusu. Muhtasari wa ukoo ni pendekezo, hauteui wala hautengui mtu. Mwenye mamlaka hayo ni mahakama. Niliwahi kushika muhtasari wa kikao cha Jumamosi wenye saini ya baba mdogo ambaye Jumamosi hiyo alikuwa wodini na dripu mkononi. Waliokuja kudai haki wakaishia polisi wakijibu maswali ya kughushi.

Na vishoka hawa hawangoji msiba. Mzee akiwa hai wanamwambia, "Wosia wa nini, kampuni ya nini? Andikisha kwa jina la mtoto mkubwa, wataelewana wenyewe." Mzee anaokoa ada. Akifa, mkubwa anasema duka ni lake, na safari hii karatasi zote zinamuunga mkono. Hapo msimamizi hana cha kuorodhesha. Inabidi kwanza mfungue kesi ya umiliki mkithibitisha kwamba mtaji ulikuwa wa baba, na mashahidi wenu ni wazee wawili, mmoja hasikii vizuri na mwingine anakula kwa huyo huyo mtoto mkubwa.